Cajal: Gwiji wa ubongo aliyejifunza bila msimamizi, akawafungulia wengine njia

JINA la Santiago Ramón y Cajal, daktari wa Kihispania aliyefariki dunia mwaka 1934, hutajwa karibu katika kila darasa linalofundisha habari za ubongo na neva. Ndiye aliyeuonyesha ulimwengu kuwa ubongo umejengwa kwa seli zinazojitegemea, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1906.

Hata hivyo, upo upande wa pili wa maisha yake usiotajwa mara kwa mara. Msomi huyo, ambaye alijifunza utafiti bila kuwa na msimamizi, alitumia robo karne kuhakikisha kuwa vijana wa Hispania waliomaliza shahada ya kwanza hawapiti katika upweke alioupitia yeye.

Habari za juhudi hizo, mafanikio yake, doa lake moja kubwa na namna vita ilivyokaribia kuzifuta, ni fundisho kwa taifa lolote linalotamani kuwa na watafiti wake lenyewe.

Mchoraji aliyekatazwa kuchora

Cajal alizaliwa Mei Mosi, 1852, katika kijiji kidogo cha milimani kiitwacho Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Baba yake, Justo Ramón, alikuwa tabibu wa vijijini aliyejisomesha kwa taabu hadi akawa daktari kamili, na hakuona sababu ya mwanawe kufuata njia nyingine.

Mtoto naye alipenda kuchora kuliko kitu chochote. Kwa baba, uchoraji ulikuwa uvivu tu. Kijana alipozidi kuwa mtundu shuleni, alipelekwa kujifunza kazi kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu, ili akili imkae sawa. Akiwa na umri wa miaka 11 alitengeneza mzinga kwa mkono wake, akalivunja lango la jirani, na akaishia kuwekwa rumande.

Suluhu kati ya baba na mwana ilipatikana mwaka 1868 katika mahali ambapo wachache wangepategemea. Baba alimpeleka kijana wake makaburini kutafuta mifupa ya binadamu iliyofukuliwa, ili amfundishe anatomia. Kijana aliyekatazwa kuchora miti na watu akaruhusiwa kuchora mafuvu na mbavu. Tangu hapo mkono wa mchoraji na jicho la tabibu havikutengana tena.

Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Zaragoza mwaka 1873. Muda mfupi baadaye aliingizwa jeshini na mwaka 1874 akapelekwa Cuba, ambako Hispania ilikuwa ikipambana na wapigania uhuru wa kisiwa hicho. Malaria na kuhara damu vilimwandama kambini, na mwaka 1875 alirejeshwa nyumbani akiwa amedhoofu mno.

Uzamivu usio na maabara

Katika Hispania ya wakati huo, chuo kikuu kimoja tu, kile cha Madrid, ndicho kilichokuwa na mamlaka ya kutoa shahada ya uzamivu. Mtahiniwa wa mkoani aliweza kusoma vitabu akiwa kwao na kwenda mji mkuu kufanya mitihani. Kazi ya mikono ndani ya maabara, chini ya uangalizi wa mtafiti mzoefu, haikuwa sehemu ya lazima ya masomo hayo.

Cajal alipokwenda Madrid mwaka 1877 kukamilisha shahada hiyo, alionyeshwa vipande vya tishu chini ya hadubini na Profesa Aureliano Maestre de San Juan. Alirudi Zaragoza akiwa na cheti mkononi na swali kubwa moyoni: angejifunzia wapi kazi ile, wakati katika mji wake hakukuwa na wa kumfundisha?

Jibu alilitoa mfukoni mwake. Kwa akiba aliyoipata jeshini alinunua hadubini yake mwenyewe, akatenga chumba nyumbani na kuanza kujifundisha kwa vitabu na majarida ya kigeni. Alikosea, akarudia, akaharibu vipande vingi kabla ya kupata kimoja kilicho sawa. Kile ambacho mwanafunzi wa Ujerumani alikipata kwa kusimama kando ya mwalimu wake, yeye alikipata kwa kupapasa gizani.

Mwaka 1878 aliugua kifua kikuu, akapona. Mwaka 1879 alimwoa Silveria Fañanás, mwanamke aliyeibeba familia ya watoto saba kwa mshahara mdogo ambao sehemu yake ilimezwa na kemikali na wanyama wa majaribio.

Mwaka 1883 alishinda ushindani wa nafasi ya uprofesa wa anatomia mjini Valencia. Kipindupindu kilipolikumba eneo hilo mwaka 1885, serikali ya mkoa wa Zaragoza ilimkabidhi kazi ya kuuchunguza ugonjwa huo, na kwa shukrani ikamzawadia hadubini bora iliyotengenezwa na kampuni ya Zeiss ya Ujerumani. Kwa mara ya kwanza alikuwa na chombo kilicholingana na vile vya watafiti wa mataifa makubwa.

Mwaka wa neema

Mwaka 1887, akiwa Madrid kikazi, alifika nyumbani kwa daktari wa magonjwa ya akili, Luis Simarro, ambaye alimwonyesha vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa njia ya Mwitaliano Camillo Golgi. Njia hiyo, iliyotangazwa mwaka 1873, ilihitaji kipande cha tishu kilowekwe katika daikrometi ya potasiamu na baadaye katika naitreti ya fedha.

Siri ya njia hiyo ni kwamba huzitia weusi seli chache tu kati ya nyingi. Zilizobaki hazionekani kabisa. Hivyo seli moja hujitokeza nzima, pamoja na matawi yake yote, mithili ya mti uliosimama peke yake uwandani.

Wataalamu wengi wa Ulaya waliidharau kwa sababu ilikuwa ikikataa mara kwa mara. Cajal, aliyehamia Chuo Kikuu cha Barcelona mwaka huohuo, aliitengeneza upya. Alirudia kuloweka mara mbili, na badala ya wanyama wakubwa akatumia viinitete na makinda, ambao nyuzi zao za neva bado hazijafunikwa na tabaka la mafuta linalozuia rangi kuingia.

Matokeo yalimiminika mwaka 1888. Golgi na wengi wa zama hizo waliamini kuwa nyuzi za neva zimeungana na kuwa kitu kimoja kisichokatika, kama wavu wa mvuvi. Katika serebela ya ndege, Cajal aliona kinyume chake: kila uzi ulikuwa na mwisho wake, ukigusana na seli nyingine bila kuungana nayo. Mwaka 1891 Mjerumani Wilhelm Waldeyer aliipa seli hiyo ya neva jina la neuroni, na ndilo linalotumika hadi leo.

Waswahili husema chema chajiuza. Cajal alitambua kuwa chema kilichofungiwa katika lugha isiyosomwa na wakubwa wa fani hakijiuzi. Alianzisha jarida kwa fedha zake mwenyewe, akachapa nakala 60 tu na kuzituma kwa wataalamu wa nje. Wengi hawakujibu.

Ndipo mwaka 1889 alipojikusanyia nauli, akapanda treni hadi Berlin kwenye mkutano wa wanaanatomia wa Kijerumani. Aliweka vipande vyake chini ya hadubini na kuwaalika waliopita kuchungulia. Mwenye macho haambiwi tazama. Albert von Kölliker, mzee aliyeheshimiwa kuliko wengi katika fani hiyo, alichungulia, akasadiki, na kuanzia siku hiyo akawa mtetezi wa Mhispania huyo asiyejulikana.

Kwa Cajal, safari ile iliacha funzo lililozidi umaarufu. Alijionea kwamba dharau ya wageni ilitoweka pale walipokaa meza moja naye. Kijana wa Kihispania alihitaji nauli, barua ya utambulisho na mahali pa kufanyia kazi.

Nasaha kwa watafiti chipukizi

Mwaka 1892 alihamia Chuo Kikuu cha Madrid. Mwaka 1894 alialikwa London kutoa mhadhara mbele ya Royal Society, na mwaka 1897 alipoingizwa katika Akademia ya Sayansi ya Hispania alitoa hotuba iliyogeuka kitabu cha nasaha kwa watafiti chipukizi. Kitabu hicho kimetafsiriwa katika lugha nyingi na bado kinasomwa na wanafunzi wa uzamivu.

Ndani yake, Cajal aliwaonya vijana dhidi ya kuwaogopa mno wakubwa wa fani, maana heshima iliyopita kiasi huziba macho. Alikanusha imani kwamba mambo muhimu yote yamekwisha kugunduliwa, akieleza kuwa hakuna somo lililokauka, wapo watu tu waliochoka kulichunguza. Aliweka uvumilivu na mazoea ya kazi mbele ya kipaji.

Aliorodhesha pia maradhi ya nia yanayowaangusha wasomi: yuko anayefurahia uzuri wa maumbile bila kuchunguza chochote, anayekusanya vitabu bila kuandika, anayependa vyombo kuliko majibu, na anayeunda nadharia ili akwepe jasho la kuzipima. Msomaji wa leo hakosi kumtambua mwenzake, au nafsi yake, katika orodha hiyo.

Kitabu hicho kilipata maana nzito zaidi mwaka 1898, Hispania iliposhindwa vita na Marekani na kupoteza Cuba, Puerto Rico na Ufilipino. Cajal, aliyewahi kuugua nusura ya kufa katika Cuba hiyohiyo, alikuwa miongoni mwa walioona kuwa taifa lao lilishindwa na elimu kabla ya kushindwa na mizinga.

Nauli kwa vijana

Mwaka 1900 alitunukiwa tuzo ya kongamano la kimataifa la tiba lililofanyika Paris, na serikali ya Hispania, kwa fahari, ikamjengea maabara ya utafiti jijini Madrid. Alipopangiwa mshahara wa ukurugenzi aliuona mkubwa mno, akaomba upunguzwe.

Mwaka 1906 alikwenda Stockholm kupokea Nobel pamoja na Golgi. Ilikuwa sherehe ya ajabu. Golgi aliutumia mhadhara wake kuipinga nadharia ya neuroni, na siku iliyofuata Cajal akapanda jukwaani kuitetea. Wawili waliogawana tuzo moja hawakuafikiana hata kuhusu jambo walilotuzwa.

Angeweza kuishia hapo na kula matunda ya jina lake. Badala yake, baada ya kukataa wadhifa wa uwaziri, mwaka 1907 alikubali kuwa rais wa kwanza wa taasisi mpya ya umma iliyoitwa Junta para Ampliación de Estudios, yenye jukumu la kupanua masomo na utafiti wa kisayansi. Aliiongoza kwa takriban robo karne.

Utaratibu wa Junta ulikuwa mwepisi kueleza. Vijana waliohitimu waliomba ufadhili kwa ushindani, wakapelekwa katika maabara za Ujerumani, Ufaransa, Uingereza na kwingineko. Waliporejea, taasisi hiyohiyo ilijitahidi kuwaandalia maabara ili ujuzi wao usiozee katika ofisi za serikali. Mwaka 1910 ilianzisha pia Residencia de Estudiantes, nyumba ya wanafunzi jijini Madrid iliyokuja kuwa na maabara zake.

Mmoja wa walionufaika ni Severo Ochoa. Alijiunga na kitivo cha tiba cha Madrid akiwa na shauku ya kumsikiliza Cajal, akakuta mzee amestaafu ualimu mwaka 1922. Hata hivyo, nyumba ile ya wanafunzi na ufadhili wa Junta vilimfikisha katika maabara za Ujerumani, na mwaka 1959 yeye mwenyewe akashinda Nobel.

Katika maabara ya Cajal, mafunzo yalikwenda kwa kutazama na kutenda. Mwanafunzi alikabidhiwa tatizo dogo lililo wazi, akajifunza kutia rangi, kuchora alichokiona na kukiandika. Jarida la maabara, lililokuja kuchapishwa kwa Kifaransa, lilimhakikishia mahali pa kutolea matokeo yake. Milango haikufungwa kwa wanawake: daktari Laura Forster kutoka Australia alifanya utafiti humo mwaka 1911, na Manuela Serra alichapisha kazi yake mwaka 1921.

Humo ndimo walimotoka Jorge Francisco Tello, aliyekuja kumrithi. Nicolás Achúcarro, aliyefunzwa pia na Alois Alzheimer mjini Munich na kufariki mwaka 1918 akiwa na umri wa miaka 37 tu. Fernando de Castro, aliyetambua katika shingo vipokezi vinavyoonja kemikali za damu. Na Rafael Lorente de Nó, aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Fahali wawili

Pamoja na yote hayo, Cajal hakuwa malaika. Mwaka 1919 mtafiti Pío del Río Hortega, mwanafunzi wa Achúcarro aliyekuwa akifanya kazi chini ya paa lilelile, alitangaza aina ya seli za ubongo alizoziita maikroglia. Leo zinajulikana kuwa askari wa ulinzi wa ubongo.

Ugunduzi huo uligusa pabaya. Cajal alikuwa amekwisha kueleza kundi la seli aliloliita elementi ya tatu ya ubongo. Río Hortega alionyesha kuwa ndani ya kundi hilo mlikuwa na aina mbili tofauti ambazo njia za mwalimu hazikuweza kuzitenganisha. Maneno ya watu ndani ya maabara yakachochea moto, na mwaka 1920 Cajal akamfukuza.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na mwenye kitabu cha nasaha dhidi ya kuwaogopa wakubwa alishindwa, walau kwa siku hizo, kumvumilia mdogo asiyemwogopa.

Kilichomwokoa Río Hortega ni mfumo ambao Cajal mwenyewe alikuwa ameusaidia kujengeka. Alipewa maabara katika nyumba ya wanafunzi ya Junta, akaendelea na kazi. Mwaka 1924 daktari kijana Wilder Penfield alivuka bahari kutoka Marekani kujifunza mbinu zake. Penfield ndiye aliyeanzisha baadaye Taasisi ya Neva ya Montreal nchini Kanada. Uhusiano wa Wahispania hao wawili nao ulitengemaa kwa kiasi miaka ilivyopita.

Tukio hilo linaeleza thamani ya kuweka taasisi juu ya mtu. Iwapo mlango wa utafiti ungekuwa mmoja tu, na ufunguo wake uko mfukoni mwa mwalimu mmoja, hasira ya siku moja ingeweza kuinyima dunia moja ya kazi kubwa za karne ya ishirini.

Vita yatawanya wanafunzi

Jengo jipya la taasisi iliyopewa jina la Cajal lilikamilika mwaka 1932. Mzee mwenyewe, aliyefiwa na mkewe mwaka 1930, alipendelea kufanya kazi nyumbani. Hadi siku zake za mwisho aliandikiana barua na wanafunzi wake waliokuwa mbali. Alifariki dunia jijini Madrid Oktoba 17, 1934, akiwa na umri wa miaka 82.

Hakuishi kuona yaliyofuata. Julai 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vililipuka. Ochoa aliondoka nchini mwaka huohuo. Río Hortega alikimbilia Paris, kisha Oxford, na hatimaye Buenos Aires, alikofariki mwaka 1945. Lorente de Nó, aliyekuwa Marekani tangu mwaka 1931, alibaki hukohuko.

Junta ilifutwa na upande wa Jenerali Franco mwaka 1938, vita vikiwa havijaisha. Mwaka uliofuata mali zake zikakabidhiwa kwa baraza jipya la utafiti. Tello aliondolewa katika nyadhifa zake. De Castro alibaki Madrid, akajitahidi kuzilinda hadubini, michoro na vipande vya tishu vya mwalimu wake mji ulipokuwa umezingirwa.

Kilichojengwa kwa miaka 30 kilivunjwa katika mitatu. Kilichosalia ni watu: Mhispania huyu New York, yule Buenos Aires, mwingine akihangaika Madrid, kila mmoja akiwafundisha vijana alichofundishwa.

Miaka ya 1950, hadubini ya elektroni iliwezesha kuonekana kwa upenyo mwembamba unaotenganisha neuroni moja na nyingine, na hoja ya Cajal ikapata ushahidi ambao macho yake hayakuweza kuufikia. Mwaka 2017 UNESCO iliingiza nyaraka zake na za wanafunzi wake katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Na Ulaya ilipoanzisha, katika muongo wa 2010, mpango wa mafunzo ya juu ya sayansi ya neva kwa watafiti chipukizi wenye vituo vya Bordeaux na Lisbon, mpango huo uliitwa Cajal.

Jina hilo lilichaguliwa kwa haki. Ugunduzi wa neuroni pengine ungefanywa na mwingine, mapema au baadaye. Lakini nchi isiyowapa vijana wake maabara, nauli na msimamizi haiwezi kukaa ikisubiri Cajal mwingine anunue hadubini kwa mshahara wa vita. Cajal mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana hakutaka kuwa wa mwisho.